Doa Jeusi Mbele ya Geti la Madam Imelda

Oili chafu ya gari ikimwagikia nyasi mbichi ina harufu yake: tamu kidogo mwanzoni, kisha chungu mpaka kooni. Kila nikipita gereji nikakutana nayo, taya zangu hukazana zenyewe. Watu hudhani nawachukia mafundi. Ninyi nitawaambia ukweli: ni Madam Imelda ninayemchukia, mpaka leo, na sina mpango wa kuacha.

Tulipanga vyumba vya nyuma katika mtaa mmoja wa zamani wa Tororo, wenye nyumba kubwa, nyua za michongoma, na ukanda wa nyasi kati ya njia ya miguu na lami. Ukanda ule haukuwa wa mtu. Watoto tulichezea pale, mbuzi walipita wakila, vijana wa bodaboda walijinyoosha pale mchana. Ila mbele ya geti la jirani yetu, Madam Imelda, nyasi zilikatwa fupi kama nywele za askari wa kambi ya Rubongi na kuzungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Madam alizungumza Kiingereza hata na mbwa wake. Akiulizwa kwao ni wapi, alijibu Kampala.

Babu alipofariki kijijini kwetu Nabuyoga, Baba alimleta Bibi akae nasi. Bibi alikuwa amekataa chakula. Mama alimpikia ugali wa wimbi, kunde za karanga, samaki. Bibi alionja na kuisukuma sahani. Mifupa ya mabega ilianza kumtoka. Kisha asubuhi moja alisimama mbele ya geti la Madam, akainamia nyasi, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikamwona akitabasamu.

"Hapa iko kumbikumbi," akaniambia. "Hao nitakula."

Kwetu kumbikumbi hawangojwi tu, huitwa. Unasafisha tundu lao, unachimba kishimo kando yake, unafunika kwa blanketi kuwe na giza, kisha unagonga vijiti juu ya ubao, kama matone ya mvua inayoanza. Wakisikia, hutoka. Na aliyewaita ndiye mwenye mali, hata wakitokea uwanjani kwa mtu mwingine. Huli mpaka umwombe.

Bibi aligonga tangu saa sita. Mbawa za kwanza zilipong'aa mdomoni mwa tundu, Madam alitoka na kidumu cha oili chafu ya gari mkononi.

"Mzee, nani alikwambia chimba nyasi yangu?"

"Nyasi iko nje ya geti, mama. Na mimi niko nje."

"Hii wadudu itakula nyumba. Hapa si kijijini."

Akamimina oili yote. Mbawa zilijitikisa ndani ya ule weusi, kisha zikatulia. Bibi alilikunja blanketi lake polepole, akarudi ndani, na jioni hakugusa hata chai.

Mimi nilitaka kupasua madirisha. Bibi alinivuta sikio. "Jiwe wataona limetoka kwa nani. Wewe tupa mpira wako kwa yule mama, ukiufuata uangalie ni wapi kuna udongo mpya wa mchwa."

Nilirudi nikamwambia: chini ya ngazi za baraza. "Vizuri," akasema, akamgeukia Mama na kumuuliza, kama mtu anayepoteza muda tu, wakwe wa binti wa Madam wanakuja lini.

Walikuja Jumamosi, Wasamia kutoka Busia. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, jua likafuata. Madam alivaa gomesi, gauni letu refu la sherehe, nyeupe iliyometa. Wageni walipokuwa wakipakuliwa pilau, Bibi alitandika mkeka wake kwenye ukanda wa nyasi, akaanza kugonga.

Nilichungulia kupitia michongoma. Kumbikumbi walitoka chini ya ngazi kama moshi. Sahani ziliwekwa chini. Wamama wa Busia walivua viatu, wakakinga mikono na vitambaa vya meza. Madam alitabasamu kama mtu anayeumwa jino. Ndipo mzee wa wakwe akainua mkono.

"Ngojeni. Iko mtu anaita hawa. Mama mwenye nyumba, tuombee kwake, ndio tukule."

Wote wakamtazama Madam.

Nilikimbia kumwambia Bibi kwamba Madam anakuja. Bibi aliinuka, akausogeza mkeka kidogo upande wa kushoto, akaketi tena. Nilidhani anafuata kivuli.

Madam alitoka getini, wageni wote nyuma yake. Mbele ya wakwe, mwanamke wa kwetu hamwombi mzee akiwa amesimama. Alipiga magoti. Akaomba kwa lugha yetu, Kidhopadhola safi, cha mashambani, ambacho mtaa mzima haukuwahi kumsikia akikisema.

"Kuleni, mwanangu," Bibi akamjibu, na sauti yake ilikuwa asali tupu.

Jioni ile Bibi alikula bakuli zima la kumbikumbi, akaomba na ugali.

Nyumbani kwetu kisa hiki husimuliwa kama kisa cha msamaha. Baba alikieleza hata kanisani, watu wakafuta machozi. Nilikuwa mtu mzima, nimesimama kwenye gereji moja nikisikia harufu ile, ndipo nilipoelewa. Pale Bibi alipousogezea mkeka hapakuwa na kivuli chochote. Alikuwa amelikalia lile doa la oili, na alipojongea alimwachia Madam doa hilo tu pa kupigia magoti.

Madam alipoinuka, gomesi yake nyeupe ilikuwa na duara mbili nyeusi. Nikizikumbuka, nami husikia njaa.