Neno la Kuchekea Picha

Juzi binti wa binamu yangu alituketisha mimi na huyo binamu, mama yake, kwenye ngazi ya nyumba ya marehemu nyanya, kule milima ya Mbooni, akainua simu atupige picha. Mara akaishusha, akanitazama.

"Anti, cheka tu kawaida," akasema. "Mbona unakaa kama mtu ameshikwa na polisi?"

Ndugu yangu, kama ungejua hiyo kawaida imenisumbua tangu lini.

Nililelewa na nyanya, ambaye sisi Wakamba humwita susu. Ilikuwa miaka ya sabini. Asubuhi ukungu ulilalia matuta ya shamba hadi jua lipande, na sauti ya kwanza kuisikia ilikuwa ya mchi, susu akikoboa mahindi ya muthokoi kwenye kinu. Mimi nilichota maji kwenye chemchemi, nikafagia ua, nikapepeta makapi. Kazi hizo sikuzilalamikia. Susu alikuwa wangu peke yangu, isipokuwa Desemba.

Desemba binamu alikuja kutoka Kambu, kule chini kwenye barabara ya Mombasa, ambako baba yake alikuwa na duka. Alishuka basi bondeni akapanda mlima kwa miguu, mkate kwapani, na kabla hajafika mlangoni kuku alikuwa tayari anafukuzwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Paja lilikwenda kwake, na mimi mwenyeji nilipona kwa shingo.

Hasidi hana sababu, lakini mimi nilikuwa nazo tele, na kubwa kuliko zote ilikuwa kicheko chake. Watoto wa kwao walikunywa maji ya chumvi ya kisima, yakawapaka meno rangi ya chai. Yangu, kwa ajili ya chemchemi yetu, yalikuwa meupe pepepe. Lakini binamu alicheka mdomo wazi, meno yake ya kahawia yote nje, na watu wakaanza kucheka naye kabla hawajajua kinachochekwa ni nini. Mimi nilikuwa na meno mazuri na hakuna aliyeyaona.

Mwaka mmoja, siku chache kabla ya Krismasi, mpiga picha alikuja akatundika pazia lake kwenye ukuta wa kanisa. Pazia lilichorwa ndege iliyo tayari kuruka. Alikuwa amegundua kwamba watu wa kwetu wakiona kamera hukunja nyuso kama wako matangani, na dawa yake ilikuwa neno moja. Aliwaambia waseme "uki".

Sasa, uki ni pombe yetu ya asali. Nyumbani kwa susu, mama wa kanisa, neno hilo halikutamkwa kamwe. Mlevi akipita njiani tuliambiwa huyo ni mgonjwa. Lakini mpiga picha alijua kazi yake. Ukisema "u", midomo hujikusanya. Ukisema "ki", hufunguka yenyewe, na hapo ndipo alipobonyeza. Halafu utamu wa kutamka neno lililokatazwa, tena kanisani, ulimalizia kazi.

Tulisimama mbele ya ndege, mimi nimemshika binamu bega. Susu alikuwa nyuma ya mpiga picha. Nikaanza, "u", nikakutana na macho yake, nikakwama hapo hapo. Binamu alilisema lote kwa sauti, kisha akajicheka mwenyewe. Nikangoja avutwe sikio. Susu alijifunika mdomo kwa leso, mabega yakamtetemeka. Alikuwa anacheka. Mimi ningelisema neno lile ningelala bila chakula, na hilo liliniuma kuliko mapaja yote ya kuku.

Picha ilifika binamu akiwa amesharudi kwao. Yeye anang'aa. Mimi nimechongoa midomo kama mtu anayepuliza moto uliokataa kuwaka. Susu alikuwa na fremu moja tu, ndogo, iliyowahi kushika kioo, na picha haikuingia. Akachukua mkasi wa vitambaa akakata katikati. Binamu akaingia kwenye fremu, na vidole vyangu vikabaki begani pake.

Nilimwuliza kwa nini si mimi.

"Wewe nakuona kila siku," alisema akigonga msumari. "Huyu ako mbali."

Niambie, mtoto afanye nini na jibu kama hilo? Leo najua lilikuwa la upendo. Siku ile nilichosikia ni kwamba ili uwekwe ukutani lazima kwanza uondoke, na mimi sikuwa na pa kwenda. Nilitamani sana kukosekana. Nikawa nainamia pipa la maji na kunong'ona "uki, uki", nikijifunza kucheka, mbuzi wakinitazama. Lakini uso ukishajua unatazamwa haucheki, hujipanga tu.

Baadaye binamu alikwenda shule ya bweni, na wasichana wa huko wakambandika jina, Majani Chai. Desemba iliyofuata alicheka mkono ukiwa mdomoni. Ungedhani moyo wangu ungepoa. Haukupoa. Jioni susu aliendelea kutazama ukutani na kutabasamu, na yule wa kwenye fremu hakuwa amekwenda shule yoyote.

Susu hayupo tena. Kinu kimepasuka, kuku hutagia ndani yake. Chemchemi imefungwa kwa saruji na bomba. Binamu alitengenezewa meno Nairobi, meupe na yamenyooka, na anapocheka siku hizi ni kama anafungua mlango kidogo aone ni nani anabisha.

Basi pale kwenye ngazi nikalisema neno lote, "uki", kwa sauti, na hakukuwa na wa kunikemea. Kicheko kikanitoka. Nilipogeuka, mkono wa binamu ulikuwa tayari umepanda mdomoni.

Tulipoingia ndani fremu ilikuwa bado kwenye msumari wake. Binamu alisimama mbele yake akiitazama. Nilidhani ataniuliza vile vidole ni vya nani.

"Huyu alikuwa bado hajaambiwa meno yake ni mbaya," akasema. "Mimi humwonea wivu sana."

Nikamwambia tuko wawili.