Mpima Aliyekuja na Muuzaji

Mwanangu, siku ile niliyonunua nyumba kule Mkuza naikumbuka kama mtu anavyoukumbuka mwiba wa samaki uliomkaa kooni: haukushuka, haukutoka. Nasikia na wewe umepata nyumba yako ya kwanza. Nasikia na mpima ameshapatikana, tena muuzaji mwenyewe ndiye anayekuja naye. Hebu kaa kwanza. Nitacheka nikisimulia, maana ndivyo nilivyoumbwa, hata nikitolewa jino nacheka. Usidanganywe na meno yangu.

Kwetu ni Vihingo, Kisarawe ya ndani kabisa, ambako zamani ukipiga chafya leo jirani anakuombea afya keshokutwa. Kusoma sikusoma. Nilichokuwa nacho ni mikorosho aliyoniachia marehemu baba, na mke, Mwanahawa. Nilimtoa kwao kijijini nikamweka kwenye chumba cha kupanga pale Kibaha, na mwenye nyumba wetu alikuwa na sheria nyingi kuliko serikali. Usikaange samaki, wananuka. Usitwange, unatikisa ukuta. Mtoto asilie mchana, yeye amelala. Mbu tu ndio walikuwa wanaingia bila ruhusa.

Mwanahawa hakuwa mtu wa kulalamika. Aliniambia neno moja tu. "Baba Siwema, mimi sitaki ghorofa. Nataka mlango ambao nikiufunga, hakuna wa kunigongea kuniambia nihame."

Basi nikauza mikorosho. Ndugu zangu walilia kama nimemuuza baba mwenyewe. Nikapata nyumba Mkuza, hapohapo Kibaha, kuta zimesimama, bati lipo juu, imebaki plasta na milango. Muuzaji alikuwa anaitwa Chande, na maneno yake yalikuwa matamu mpaka nyuki walikuwa wanamfuata nyuma.

Sasa hapa ndipo tega sikio. Kisarawe mjini kulikuwa na mpima mmoja, nikamwendea. Akanijibu polepole, kama mtu anayetafuna muwa: "Sitoki na vyombo vyangu leo. Kwanza niende ofisi ya ardhi nikaangalie mchoro wa eneo hilo. Halafu nije nitafute mawe ya mpaka ya zamani, na majirani wote wa mpakani wawepo. Subiri." Mimi nikaona huyu ananizungusha. Nikamweleza Chande, akanicheka. "Kaka, unajisumbua nini? Mpima nakuja naye mimi, tena juu yangu."

Cha bure, mwanangu. Cha bure kina njaa kuliko cha kununua.

Siku ya kupima akaja kijana mmoja anaitwa Injinia. Jina la kwao sikuuliza, wala kama kazi yake inatambulika popote sikuuliza. Viatu vyake vinang'aa mpaka jogoo wa jirani alikiona kivuli chake mle akaanza kupigana nacho. Akasimamisha chombo chake cha kupimia chenye miguu mitatu ya chuma, akafumba jicho moja, akaniambia, "Mawe yako haya hapa, mzee, manne yote." Kweli yalikuwepo, simenti mbichi bado. Mimi nikaona safi, nimekatiwa kiwanja kama keki.

Mara akatokea jirani wa upande wa chini na ng'ombe wake. Maduhu, Msukuma, alihamia pale zamani. Na wewe unajua, sisi Wazaramo na Wasukuma ni watani. Mtani akikutukana unacheka, akibeba kuku wako unacheka. Ukinuna, unaonekana huna kwenu.

"We Mzaramo, mtumwa wangu!" akaniita hata hatujasalimiana. "Umeacha kucheza ngoma, leo umekuja kununua barabara?"

"Barabara ya ng'ombe wako, Msukuma! Hii inaitwa nyumba, hujawahi kuiona?"

"Barabara hiyo, nakwambia. Kalale humo, utaamka lori limeegeshwa kitandani. Na haya mawe yanaota kama uyoga? Juzi hayakuwepo. Jiwe la mpaka lile kule, lina nondo, nimemfungia ndama wangu."

Tukacheka, mwanangu, tukacheka mpaka ng'ombe wakatushangaa. Injinia ndiye aliyecheka kuliko sisi wote, huku anakunja miguu ya chombo chake harakaharaka. Chande naye anafuta machozi. Asiyecheka alikuwa mmoja. Mwanahawa alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Baba Siwema, mpima wako ameambiwa mawe si yenyewe. Mbona hajajibu?"

"Ajibu nini? Huo ni utani, mke wangu."

"Utani ni wenu nyie. Na jiwe nalo lina utani? Si uende tu kwa ndama ukalitazame."

Sikwenda. Kutoka pale niliposimama mpaka kwa ndama, ungerusha ndala ikafika. Nikaona aibu, mtani ataniimba Kibaha nzima kwamba Mzaramo katishwa na maneno ya mchunga ng'ombe. Ndiyo tabia yetu hiyo: ukweli ukija na kicheko tunaukaribisha kama mgeni, tunauandalia chai, halafu tunausindikiza urudi kwao.

Tukahamia. Fundi akatutengenezea mlango wa mninga. Mwanahawa alikuwa anaufunga na kuufungua bila sababu. Nikimuuliza anasema anausikiliza. Alikaanga samaki siku ile mpaka paka wa Kisarawe walipanda basi kuja Mkuza. Sijamwona tena na furaha ile.

Kisha wakaja watu na kopo la rangi. Wakapiga alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa mbele, kubwa, wala hawakugombana na mtu. Nikakimbilia ofisi ya ardhi, pale ambapo yule mpima wa Kisarawe alitaka kwenda kabla ya yote. Wakanitandikia mchoro. Barabara ilikuwepo kwenye ramani tangu nyumba ile haijawa hata tofali, na ilikuwa inapita chumbani kwetu, hapohapo kitandani. Mawe ya Injinia hayakuwepo. Jiwe la ndama lilikuwepo. Nikauliza fidia, nikaambiwa aliyejenga juu ya barabara halipwi.

Nikamtafuta Injinia. Unamtafutaje mtu ambaye jina lake ni kazi? Namba yake haipatikani. Chande alishahama, na nyuki wake nadhani walihama naye. Nikaenda kwa Maduhu, nimechanganyikiwa, nikamshika shati.

"Mtani, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia," akasema. Akaishia hapo.

Mwanangu, yule Msukuma hajawahi kunyamaza mbele yangu. Hata akiumwa malaria alikuwa ananitukana kwa ishara. Siku ile alinitazama tu, akakosa neno la kunikejeli, na hapo ndipo nilipojua nimekwisha. Siku ya kubomoa alikuja asubuhi, akaung'oa ule mlango wa mninga, akaubeba kichwani mpaka kwenye chumba tulichopata kupanga. Mwanahawa alitembea nyuma yake, ameshika funguo. Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Kimya cha mwanamke mpole kinabomoa kuliko tingatinga.

Chumba kile kilikuwa na mlango wake, kwa hiyo wetu tukauegemeza ukutani. Nikamwambia Mwanahawa mlango utapata nyumba yake, asubiri kidogo. Lakini mikorosho ya baba haiuzwi mara mbili. Nilibeba mizigo, nilichoma mkaa, nilifanya kila kazi isipokuwa ukunga. Tukahama chumba, tukahama tena, na mlango wetu nyuma. Mwanahawa alifia kwenye chumba cha mtu. Nilienda kumgongea mwenye nyumba kuomba ruhusa ya kutandika mikeka ya msiba uani kwake, na kabla hajajibu alinitazama kwanza, kama ninamwomba figo.

Tulimzika kwetu, Vihingo. Maduhu alikuja, kashazeeka, anatembelea fimbo. Na unajua mtani msibani ana kazi yake: kumchekesha mfiwa asije akapasuka. Tulipotaka kumshusha, akakita fimbo mbele ya kaburi akapaza sauti: "Simameni! Kaburi hili nani kapima? Kaja na nani? Mimi siruhusu kitu mpaka nilione jiwe!"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, wallahi, nikacheka mpaka wakanishika mabega.

"Nimepima mwenyewe, mtani," nikamwambia.

"Mpaka kwa majirani ulienda?"

"Nilienda."

"Haya. Mlazeni mke wa mtumwa wangu." Akaiondoa fimbo.

Hicho ndicho kiwanja pekee nilichompa Mwanahawa ambacho hakuna aliyekuja kukipiga rangi.

Sasa nisikilize. Mpima umtafute wewe, umlipe wewe, kwa sababu mpima aliyekuja na muuzaji ataondoka na muuzaji. Muulize jina lake la kwao, na akuonyeshe kwamba kazi yake inatambulika. Akikuambia subiri niende ofisi ya ardhi kwanza, mpende huyo, mchemshie chai. Akikuonyesha jiwe lenye simenti mbichi, uliza la zamani liko wapi. Waite majirani wa mpakani wote, hata mlevi, hata mtani wako, na yeyote atakayesema neno, mtazame mpima. Akijibu, sawa. Akicheka, rudi nyumbani na pesa zako. Na mkeo akikuambia nenda kwa ndama, nenda, baba. Nenda hata kama dunia nzima inacheka. Maji yakishamwagika hayazoleki, mimi nimejaribu kuyazoa maisha yangu yote, angalia mikono yangu.

Mlango wa mninga ninao mpaka leo, umeegemea ukuta hapa chumbani kwangu, na funguo ninazo. Nyumba yako ikisimama sawasawa, uje uuchukue. Mwenyezi Mungu aufunge kwa heri na aufungue kwa heri, na mkeo ausikilize mpaka azeeke, asigongewe ila na wageni. Amina.