Fundi Maji

Nakumbuka siku moja pale Mtawanya nilipovunja ringi ya pistoni mbele ya baba mkwe, zimebaki siku nne nioe. Nimeikumbuka leo, mwanangu, kwa kukuona uani umeifungua injini ya pikipiki, kipande cha bati mkononi. Kaa kidogo nikwambie.

Mzee Athumani, baba yake mchumba wangu Zuhura, alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Injini ikawa inatoa moshi, haina nguvu, na magunia mawili ya mpunga wa harusi yanasubiri. Nikajitia ufundi: "Niachieni mimi, baba." Kusema kweli, kazi ile nilimwona fundi mmoja wa Kibiti akiifanya mara moja tu.

Ringi mpya zilishaletwa kutoka Dar. Kifaa cha kuzibana ili ziingie kwenye silinda sikuwa nacho, kwa hiyo nikakata bati la debe, nikalizungushia pistoni, nikalikaza kwa waya. Bati lile halikuwa na kosa, na mpaka leo najisifu nalo. Kilichokosekana ni oili ya kupaka ili ringi ziteleze. Nilikuwa nimeisahau nyumbani, na ukoo mzima wa mchumba umekaa mikekani unanitazama. Kutamka "nimesahau" nikaona aibu. Nikaagiza maji ya sabuni.

"Maji?" akauliza Mzee Athumani.

"Yanatosha, baba. Mafundi wa Dar siku hizi ndivyo wanavyofanya."

Bi Siwema, bibi yake Zuhura, alikuwa anasuka ukili wa mkeka. Akauweka chini.

"Mjukuu wangu, baba yangu alinyunyiziwa maji wakati wa vita vya Maji Maji. Akaambiwa risasi ya Mjerumani haimpati. Mimi nimezaliwa hayupo. Sasa wewe maji unamnyunyizia nani, hicho chuma?"

Watu wakacheka. Mimi nikakasirika, na ile hasira ilikuwa woga mtupu. Nikapaka maji yangu, nikaigonga pistoni kwa mpini wa nyundo. Haikuteremka. Nikaongeza nguvu. Bati likaruka, ringi ikavunjika, kipande kikaangukia mapajani mwa Bi Siwema. Akakiokota, akakigeuzageuza.

"Haya," akasema, "risasi imempata."

Ringi nyingine ingechukua wiki nzima kufika. Nikajua harusi sina. Nikapiga magoti nikasema yote: oili iko nyumbani, na mafundi wa Dar simjui hata mmoja. Mzee Athumani akaniinua, akanionyesha kinu.

"Harusi iko palepale," akasema. "Mpunga utautwanga wewe."

Siku tatu, mwanangu, niko kinuni, mashangazi wa Zuhura wamenizunguka wakiniimbia "Fundi Maji". Siku ya harusi viganja vyote malengelenge. Pilau ya mchele nilioutwanga mwenyewe ikanishinda kuila kwa mkono, bibi harusi akanilisha. Watu wakadhani ni mapenzi.

Basi nasaha yangu ndiyo hii: ukisahau kitu, sema umesahau, hata kama wakwe wamekukodolea macho. Mimi niliikimbia aibu ya dakika moja, na mama yako mpaka leo akinikasirikia ananiita Fundi Maji.

Mungu aibariki mikono yako, akupe na ulimi mwepesi wa kusema kweli. Bati lako nimeliona, zuri. Na hilo kopo la maji ulilolificha nyuma ya tairi nimeliona pia. Inuka, nenda kamwombe mama yako oili, umwambie umesahau.