Mpaka Povu Lishuke

Harufu ya kibuyu cha maziwa kilichosuguliwa kwa mkaa, kwangu mimi, ndiyo harufu ya sala. Wenzangu wakinusa ubani wanamkumbuka Mungu. Mimi nanusa moshi, samadi mbichi na maziwa yenye joto yaliyotoka sasa hivi kwenye kiwele, na moyo wangu unatulia. Niliwahi kumwambia hivyo padri mmoja akacheka, akadhani namtania. Sikuwa namtania hata kidogo. Nilijifunza kusali zizini, kule Gendabi, kwa shangazi yangu Paskalina, kiangazi kile nilipokuwa darasa la sita na nusu ya kijiji chetu cha Maretadu ilikuwa imeshaamua kwamba nina pepo.

Nianze na hofu yenyewe, maana watu wakinisikiliza huwa wanataka kuiruka wafike kwenye uponyaji. Ilinijia darasani, asubuhi ya ukungu, mwalimu akiwa ameandika hesabu ubaoni na mimi nikiwa nazijua zote. Moyo ulianza kunienda mbio bila mtu kunifukuza. Vidole vikafa ganzi, pumzi ikagoma, nikawa na hakika kabisa kwamba nakufa pale pale kwenye dawati. Zahanati walinipima malaria hawakuiona. Ikarudi kanisani, ikarudi tena siku tunapura maharage uani, nikaacha fimbo na kukimbia hadi mtoni huku watu wananitazama. Hakukuwa na sababu. Hilo ndilo lililowakera watu, kwa sababu ugonjwa usio na sababu hauna wa kulaumiwa. Basi wakatafuta. Mara nimepita mahali pabaya jioni, mara kuna tambiko la ukoo halikufanywa, mara nimeangaliwa na jicho baya. Nilikuwa nasikia yote, kwa sababu watu wazima hudhani mtoto mgonjwa ni kiziwi pia. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika, na sioni haja ya kuificha hasira hiyo.

Kiongozi wa jumuiya yetu alikuwa Mama Restituta. Nimtendee haki: alikuwa mtu mwema, wa kwanza kufika kwenye msiba na wa mwisho kuondoka, na wakati wa njaa alituletea maboga bila kuombwa. Lakini aliamini kwamba Mungu husikia vizuri zaidi ukipaza sauti. Wanajumuiya waliniweka katikati, wakanishika kichwa na mabega, wakapiga kelele wakimwamuru pepo atoke. Hofu yangu, iliyokuwa na ukubwa wa ngumi, ikawa na ukubwa wa nyumba. Nikaanguka. Kwao huo ukawa ndio ushahidi. Mwaka huo Askofu alikuwa anakuja kutoa Kipaimara baada ya mavuno, na mwalimu wa dini alimwambia mama yangu kwa upole, lakini kwa uthabiti, kwamba hawezi kumpeleka mbele ya Askofu mtoto anayeangukaanguka. Nilitakiwa niombewe tena, kisha nisimame mbele ya jumuiya nishuhudie kwa kinywa changu kwamba pepo ametoka. Gauni langu jeupe lilikuwa limeshashonwa. Lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa mama, na kila nilipopita nililigusa pindo. Wenzangu wote wa rika langu walikuwa wanapokea. Nililitaka gauni lile kuliko kitu chochote duniani. Mama naye alikuwa ameanza kwenda kuchota maji saa za jua kali, wakati ambao hakuna mwanamke mwingine kisimani.

Ndipo akaja Shangazi Paskalina, dada yake baba, aliyekuwa ameolewa Gendabi, kule chini Hanang. Ng'ombe wa baba walikuwa wakikaa kwake, maana kwetu milimani kila kipande cha ardhi ni mahindi na maharage, na mtu wa kwetu mwenye ng'ombe wawili watatu huwaweka kwa ndugu au rafiki kwenye malisho ya chini. Msimfikirie kama bibi mpole wa kwenye picha za watakatifu. Shangazi alikuwa na mdomo. Alikuwa akibishana na wauza chumvi, na jua, na mbuzi. Ujanani alikaa na masista akitaka kuwa mtawa, wakamrudisha nyumbani. "Walisema nina wito," alikuwa akieleza, "ila mdomo wangu hauna." Alinitazama nimejikunyata jikoni, akamgeukia mama. "Wifi, nipe huyu nikakamue naye mpaka mtakapomaliza kelele zenu." Mama hakubisha. Nadhani alifurahi kupumzika.

Gendabi kulikuwa na vumbi na joto, na mlima Hanang umesimama hapo karibu kiasi kwamba ukikohoa unadhani utakujibu. Jirani zetu walikuwa wafugaji wa Kibarabaig, watu wasiosali kama sisi, ambao hawakujua lolote kuhusu pepo wangu na hawakuuliza. Kazi yangu ilikuwa kumkamua Madoa, ng'ombe jike wa baba. Kabla ya kukamua unamwachia ndama anyonye kidogo ili maziwa yashuke, kisha unamvuta na kumfunga mbele ambapo mama yake atamlamba, ndipo unachuchumaa na kibuyu magotini. Asubuhi ya kwanza nilipokaa tu, hofu ikanijia. Nikafanya nilichofundishwa na Mama Restituta. Nikapaza sauti: "Toka! Nakuamuru, toka!" Madoa akatii. Alirusha teke, kibuyu kikaruka, akaondoka na kamba yake mguuni, maziwa yote yakanywewa na mavi makavu. Mke wa jirani alikuwa amesimama upande wa pili wa boma la miiba. Alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kupimapima, "Sasa wewe unafukuza nani? Ng'ombe anajua ni yeye." Nikacheka na mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kucheka juu ya jambo lile.

Shangazi hakucheka, alikuwa anahesabu hasara ya maziwa ya chai. Lakini kesho yake alikuja kuchuchumaa kando yangu. Aliniambia ng'ombe hateremshi maziwa kwa mtu anayepigana. Nisiiambie hofu itoke. Nisiiambie kitu. Nimwambie Bwana, "Nipo hapa," mara moja, kisha ninyamaze na kukamua. Na nikimaliza nisikurupuke, nikae na kibuyu mapajani nikitazama povu. Maziwa mapya huja na povu jingi, limejaa mdomo wa kibuyu. Ukilitazama bila haraka, linapasuka kidogo kidogo, linashuka, mpaka unaona weupe wa maziwa wenyewe. "Hiyo ndiyo saa yangu ya sala," alisema Shangazi. "Masista walikuwa na kengele. Mimi nakaa mpaka povu lishuke." Mtu yule ambaye mchana kutwa hakunyamaza, alikuwa akikaa pale kila asubuhi kimya kabisa, macho yakiwa wazi, midomo haitikisiki, na hata mbuzi wakipanda mgongoni hageuki. Nilimuuliza anamwambia Mungu nini muda wote huo. Akaniambia hamwambii kitu, amechoka kumwambia, anakaa naye tu.

Nisidanganye hapa. Nilichukia zoezi lile. Kukaa kimya na hofu ni kama kufungiwa chumba kimoja na mbwa usiyemjua. Siku za mwanzo nililia, nikamwaga maziwa, nikamwambia Shangazi kwamba bora hata kelele, kelele angalau zinamfunika mtu. Alinijibu kwamba niende basi nikazipige huko mbugani, ila kibuyu nikiache. Sikwenda. Kulikuwa na ukaidi ndani yangu ambao sikujua kama ninao, nao ukaanza kupenda mchezo ule wa kuona nani atachoka kwanza. Kisha ikatokea asubuhi moja, baridi ya alfajiri bado iko kwenye miiba, hofu ikaja na vitu vyake vyote: moyo, ganzi, ule uhakika wa kufa. Nikasema, "Bwana, nipo hapa." Povu likaanza kupasuka. Nikalitazama. Hofu ikakaa, na mimi nikakaa, na nikahisi, sijui niseme vipi, kwamba kuna Mwenyeji pale zizini, ambaye alikuwa amefika kabla yetu sote wawili na haogopi mtu. Povu lilishuka. Hofu ilikuwa bado ipo. Lakini sikukimbia, na ndani ya kutokukimbia kule kulikuwa na amani ambayo sijawahi kuipata kwenye kelele zozote.

Shule zilipokaribia kufunguliwa nilirudishwa Maretadu, na jumuiya ikakutana nyumbani kwa Mama Restituta. Uani palikuwa pamejaa. Mwalimu wa dini alikuwa kwenye kiti, wenzangu wa Kipaimara wamekaa kwenye mkeka, mama yangu amekaa mwisho kabisa karibu na ukuta na kitenge amekivuta mpaka kwenye paji la uso. Nilipita nikiwaamkia wakubwa wote shikamoo, mmoja mmoja, kama inavyotakiwa. Mwalimu wa dini akaniuliza mbele ya watu kama yule pepo sasa ametoka. Kulikuwa na jibu moja tu lililotakiwa, neno fupi, na nyuma ya neno hilo lilining'inia gauni langu. Moyo ulikuwa umeshaanza kunienda mbio. Nilisema, "Mwalimu, sina pepo. Nina hofu, na haijatoka, ipo hapa sasa hivi. Na Mungu yupo. Naomba msinishike kichwa."

Mtoto wa kwetu hasemi hivyo mbele ya wazee. Watu waliguna. Mama Restituta alisimama, mikono imeshainuliwa, akasema huyo anayezungumza ndiye pepo mwenyewe, na nyimbo zikaanza kupanda. Sikukimbia. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi, nikaweka mikono mapajani kana kwamba nimeshika kibuyu, nikanyamaza. Mikono ilinigusa kichwani. Kisha nikasikia sauti ya mama yangu, ambayo kwa mwaka mzima ilikuwa imekuwa ya kunong'ona, ikisema, "Muacheni mwanangu." Alikuja kutoka kule ukutani akipita katikati ya watu, akaiondoa mikono ile kwa mkono wake, akakaa kando yangu chini. Hakujua tunafanya nini. Alikaa tu. Nyimbo ziliendelea kidogo, zikapungua, zikaisha, na uani pakawa kimya mpaka tukasikia kuku.

Kipaimara sikupewa mwaka ule. Nilikaa na watu wa kawaida, kwa nguo ya kawaida, nikawatazama wenzangu wakipita kwa Askofu na magauni yao meupe, na niliumia, sitasema sikuumia. Nilipewa mwaka uliofuata, gauni likiwa limenibana mabegani, baada ya mwalimu wa dini kuchoka kumuona mama yangu mlangoni kwake. Jina la mtoto wa pepo lilinifuata mpaka nilipomaliza shule. Lilikoma lenyewe, waliolipenda walipopata mtu mwingine wa kumsema.

Leo nafundisha Mbulu mjini na nina ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba. Siku hizi hofu ina jina la hospitali, na daktari aliyenieleza nilimsikiliza na kumshukuru, na dawa alizonipa nilipozihitaji nilimeza. Kelele nazo zimeongezeka, zinaingia hata kwenye simu, sauti za watu wanaoamuru vitu vitoke tangu alfajiri. Juzi jumuiya yangu ya hapa imeniomba nishuhudie jinsi Mungu alivyoniondolea hofu. Nitakwenda. Nitasimama niseme kwamba hakuiondoa, na kwamba sijawahi kukaa nayo peke yangu, na wakiguna waache wagune, nimeshagunwa na waliowazidi. Shangazi Paskalina tulimzika Gendabi. Kibuyu chake ninacho, ingawa ndoo ya plastiki ingekuwa rahisi kuosha. Mama sasa ni mzee na anaishi kwangu, macho yake hayaoni vizuri, naye tangu mikono ianze kumtetemeka hofu imempata yeye. Alfajiri anatoka polepole, anakaa kwenye kigoda kando yangu, na mimi naweka kibuyu katikati yetu. Baada ya muda ananiuliza, "Limeshuka?"

"Bado, mama," namjibu. "Kaa."