Mitalawanda Iliyotoka Chooni Ikafika Sokoni

Nnasema mwenyewe kabla sijasemewa: ndiyo, ni mimi yule mtu mzima niliyelipita soko la Matrah, huku Omani, mchana kweupe, toka mwanzo wake hadi mwisho wake, miguuni nimevaa viatu vya chooni vya mke wa ami yangu, vyekundu, vyenye maua, na visigino vyangu vinaning'inia nje. Mpaka leo nikitokea harusini lazima apatikane mtu wa kugonga meza kwa vidole, kwa-kwa, kwa-kwa, watu wacheke. Nimezoea, na siku hizi nacheka nao, tena nacheka kwa kujidai, na mkinisikiliza mtajua kwa nini.

Chanzo cha yote ni mdomo wangu. Tulipotoka Unguja mwaka ule wa sitini na nne tukaja huku, mimi kijana, Kiarabu changu cha chuo cha Kurani, wenye maduka wa Matrah walikuwa wakiniita "Zinjibari", na nikifungua kinywa tu wanatazamana. Ami yangu Nasor, ndugu wa baba, alinipokea akanipa kazi katika duka lake la nguo, kukunja majora huko nyuma, ambako hakuna mteja atakayenisikia. Sasa mtu wa hali hiyo lazima awe na kitu cha kujivunia, na changu kilikuwa Japani. Nilipokuwa baharia, kabla ya kuja huku, meli yetu iliharibika ikapelekwa Kobe kutengenezwa, na nikihadithia nilikuwa nasema "wakati nilipokuwa naishi Japani" (kumbe hata mwezi haukutimia, na nusu yake niliumwa tumbo).

Lakini msinidharau, nilitazama. Niliwaona wanavyoinamiana njiani, huyu akiinuka yule anainama tena, hata hujui nani atamwachia mwenzake aende. Niliona dereva wa teksi kavaa glavu nyeupe kama bwana harusi. Tambi za supu wanazivuta kwa kelele na hakuna anayemkanya mwenzake (bibi yangu angenizaba kofi), na wapo watu wazima waliokaa safu nzima mbele ya mashine za mchezo wa vigololi, hawasemezani, kila mtu na mashine yake. Nilipelekwa pia kwenye bafu lao la mtaa, wanaume wasiojuana wamekaa uchi ndani ya maji ya moto wamefumba macho kwa raha, mimi nikarudi mlangoni na taulo langu mkononi. Lililonipendeza kuliko yote ni kuwa wanavua viatu mlangoni kama sisi, hapandi mtu mkekani na kiatu, na mgeni anawekewa ndara za kuvaa ndani, zimepangwa vizuri, yeye ni kutia mguu tu. Nikasema hawa ni watu, si kama Waingereza wanaokanyaga zulia na buti.

Basi ikatokea kuwa yuko Mjapani, Bwana Morita, kampuni yao inapiga chapa kanga, na amepata ruhusa kuja Matrah kutafuta wakala mmoja wa kumletea mzigo. Na sisi tuliotoka Unguja tulikuwa wengi wakati huo, wake zetu hawataki kusikia nguo nyengine, kwa hiyo kila duka likamtaka Morita awe wake. Ami akaniita. "Wewe si umekaa kwao? Kesho atakunywa kahawa hapa nyumbani, halafu tutakwenda naye dukani, na wenzangu wote watakuwepo barazani. Ukinisimamia vyema, mambo ya Wajapani yatakuwa mikononi mwako, utakaa mbele. Ukiniaibisha, yakhe, majora yapo."

Usiku mzima nikawaza namna ya kumpokea Kijapani hasa, na asubuhi likanijia: ndara za mgeni. Matrah ya wakati ule hizo ndara za kitambaa utazipata wapi? Lakini chooni kwetu ilikuwepo mitalawanda, vile viatu vya mti vyenye kigingi cha kubania vidole, mnavijua, vya kuingilia chooni usikanyage maji. Jozi moja ilikuwa mpya, ya kiume, ya kuchongwa vizuri. Nikaisugua kwa mchanga na ndimu mpaka mti ukawa mweupe, nikaipanga mlangoni imemwelekea anayeingia, nikarudi nyuma kutazama kazi yangu. Mke wa ami, Bi Zuwena, akapita akasimama.

"Mwanangu, hivyo si vya chooni?"

"Bi Zuwena, huu ndio utaratibu wa kwao."

"Haya. Wewe ndiye uliyekaa huko."

Akaja Morita, mtu mfupi, mpole, suti ya kijivu. Akainama, nikainama, ami naye akainama kidogo kwa taabu ya mgongo. Akavua viatu vyake vya ngozi, akaiona mitalawanda, uso ukamchanua, akaigusa kwa kidole, akasema kwa Kiingereza (chetu sote cha kuungaunga) kuwa inamkumbusha baba yake. Kisha akaiacha pale pale akapanda mkekani na soksi zake. Nikahuzunika kidogo, lakini si sana. Kahawa ikanywewa, halua ikaliwa, akapokea kila finjani kwa mikono miwili, na ami akanitazama jicho la kuridhika ambalo sikuwahi kuliona tangu nifike.

Tulipoinuka kwenda dukani ndipo. Morita kafika mlangoni, kakaa kitako, kavua soksi, kazikunja, kazitia mfukoni. Halafu akaviruka viatu vyake vya ngozi, akatia vidole kwenye mitalawanda, akasimama, akaniinamia kwa shukrani, akatoka. Kwa-kwa, kwa-kwa. Hapo ndipo nilipokumbuka (na kumbukumbu yenyewe ilichelewa kama nini) kuwa Kobe niliwaona watu wanatembea na viatu vya mti barabarani, kwao vya mti ni vya kutokea, havikanyagi ndani ya nyumba hata siku moja. Mwenyeji kamwekea viatu vya mti mlangoni, yeye angefanyaje? Kavivaa kutuheshimu.

Ami akanishika mkono. "Mtu huyu anakwenda wapi na vya chooni?"

"Sokoni, ami."

"Mwambie avue."

Hilo nisingeweza. Kwa sababu kitu kimoja cha Japani nilikuwa nakijua kwa yakini, sikukisikia kwa mtu: kule ndara za chooni ni za chooni, na mimi nilizisahau miguuni nikaingia nazo kwenye chumba cha kulia cha mwenye nyumba niliyolala Kobe. Wote walitazama vibakuli vyao, na mimi nilitamani ardhi inimeze. Nimwambie Morita sasa, njiani, kwamba nimemvisha vya chooni? Asingekanyaga tena mlango wetu, wala wa mtu yeyote. Na nikimwacha aende hivyo hivyo, soko zima litamcheka, na yeye ataona.

Nikakimbilia chooni. Iliyobaki ilikuwa jozi ya Bi Zuwena, nyekundu. Nikaivaa, nikamkimbilia mgeni, ami nikamwacha mlangoni.

Mnaijua ile njia ya sokoni, nyembamba, mawe matupu, duka linatazamana na duka. Mbele Morita, anatembea kwa raha zake, mimi ubavuni mwake natembeza miguu kama kuku aliyefungwa kamba. Muuza ubani akaacha kupima. Wanawake wakajifunika nyuso, mabega yanawatikisika. Mmoja wa wenye maduka, wale wale, akauliza kwa sauti, "Mo hadha, ya Zinjibari?" yaani nini hiki, na mwenzake akamjibu kuwa huenda kwao Zinjibar choo kiko sokoni. Morita akaniuliza wanacheka nini. Nikamwambia wanatufurahia. Lakini hakuwa mjinga, alianza kutazama miguu ya watu, na hatua zake zikapungua sauti.

Tukafika barazani. Wenye maduka wamekaa safu, wote macho chini, kwenye miguu yetu, na kicheko kimewajaa mashavuni. Nikajua basi, majora yananingoja. Ndipo tukasikia huko nyuma, kwa-kwa, kwa-kwa, nzito, ya polepole, na watu wakapisha.

Ami Nasor. Joho lake la Ijumaa, jambia kiunoni, bakora mkononi, na miguuni mitalawanda mikongwe imelika upande mmoja, maana kwake haikubaki jozi, kaenda kugonga mlango wa jirani kuazima ya chooni kwao. Mzee ambaye soko zima linainuka akipita. Akapanda barazani, akakaa katikati yetu, akanyoosha miguu mbele ya kila mtu, akawatazama mmoja mmoja.

"Leo nyumba yetu imevaa hivi," akasema. "Kuna mwenye neno?"

Mmoja akakohoa, akaagiza kahawa. Nami, wallahi, sikuwahi kuona fahari ya kuitwa mtoto wa nyumba ile kama nilivyoiona pale, na visigino vyangu nje.

Tuliporudi nyumbani Morita akaomba kunawa. Nikampeleka nyuma, ami akitufuata, na kwenye kizingiti cha choo palikuwa patupu, hakuna kitu, ila Bi Zuwena nyuma ya pazia akilalama, "Nyinyi, tangu asubuhi nimekaa kama niliyefungwa, nirudishieni mitalawanda yangu nnataka kuingia." Morita Kiswahili hakijui, lakini alitazama kile kizingiti, akatazama miguu yake, akatazama yangu na yale maua, akageuka akatazama ya ami. Akawa mwekundu kuliko mitalawanda yenyewe. Kisha akamwinamia ami, akainama sana, akakaa pale pale chini asiinuke, mpaka ami, na mgongo wake ule, akainama naye.

Kanga zikaja kwetu, na mimi nikakaa mbele. Lakini toka siku ile nimeweka nadhiri, na wanangu wanaijua: nyumbani kwangu mitalawanda ya chooni imefungwa kwa mnyororo ukutani, na akija mgeni, wa Japani au wa Sidabu hapa jirani, simwekei kitu mlangoni. Atavaa alichokuja nacho.