Mluzi Nyuma ya Mvua

Yunisi Nzowa alikuwa fundi cherehani kama mafundi wengine wa Majengo pale Tunduma, mpaka mumewe alipopotea na lori lake likapatikana.

Mume huyo, Fanueli, alikuwa dereva wa safari ndefu, mzaliwa wa Isongole, wilayani Ileje, mpole, mtu wa kupiga mluzi zaidi kuliko kusema. Safari yake ya mwisho alipitia nyumbani, akala wali na maharage, akamtania binti yao Faith kwa kuwa ameanza kuwa mrefu kama mama yake, kisha akavuka mpaka wa Nakonde na mzigo wa kwenda Lubumbashi. Alipofika Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, alituma ujumbe wa sauti kwamba foleni ni ndefu lakini inasogea. Baada ya hapo hakusikika tena. Lori lilikutwa kando ya barabara upande wa Kongo, turubai limechanwa, mzigo umekwisha, milango imefungwa vizuri kama ya mtu aliyeshuka kununua soda. Damu haikuonekana, wala mwili. Tajiri aliyemwajiri alilirudisha lori lake, akamletea Yunisi begi la nguo na neno la pole, na shauri likaishia hapo.

Yunisi akaanza kutafuta kwa simu. Aliomba kuingizwa kwenye makundi ya madereva, akamuuliza kila aliyepita njia ile. Habari za Fanueli hawakuwa nazo, ila walikuwa nazo za mambo mengine yote: daraja gani limeharibika, mizani gani inachelewesha watu, dizeli imeadimika wapi, kwacha ya Zambia imepanda au imeshuka. Walimtumia kwa sauti, maana mikono iko kwenye usukani, naye akawa anawajibu na kuwaunganisha. Wake wa madereva na mawakala wa forodha wakazoea kupita kwenye kibanda chake cha ushonaji kuuliza hali ya njia kabla ya kumuuliza mtu mwingine.

Aliyeona biashara katika jambo hilo ni Idrisa, mwenye duka la fotokopi jirani. Mwenyewe alikuwa na blogu za mpira na udaku alizozijaza kwa kunakili ya wenzake. Alimweleza Yunisi kwamba hahitaji mtaji. Jukwaa ni la bure, simu anayo, bando la wiki linatosha.

"Dada Yunisi, wenzako tunahangaika kutafuta cha kuandika," alimwambia. "Wewe unaletewa mlangoni. Unakaa nusu saa asubuhi, halafu siku nzima inafanya kazi yenyewe."

Akamfungulia blogu mchana mmoja, wakaiita Hali ya Njia. Na kazi ilikuwa nyepesi kama alivyoahidi. Yunisi alikunywa chai, akasikiliza sauti za alfajiri, akaandika mistari michache kwa kila kituo, Nakonde, Mpika, Kapiri, Kasumbalesa, kisha akafungua cherehani yake. Mwenye nyumba ya wageni upande wa Nakonde akaomba kutangazwa, akafuata muuza matairi, akafuata fundi wa breki. Baadaye yakaja yale matangazo ya mtandaoni yanayolipa kwa idadi ya wasomaji. Hakuwa tajiri, lakini kodi ya nyumba haikumtisha tena, na Faith akahamia shule ambayo baba yake aliwahi kuitaja.

Jambo moja Idrisa hakulijua. Kila ujumbe wa sauti Yunisi aliusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza alitafuta habari. Mara ya pili alivaa spika za masikioni, akafumba macho, akamwacha anayezungumza apite, akasikiliza walio nyuma yake: wanawake wakiuza mayai ya kuchemsha, matingo wa malori wakitukanana kwa utani, mtu akikohoa, mtu akisalimia kwa Kibemba, honi, jogoo. Alikuwa anamtafuta mumewe katikati ya watu hao. Siti, muuza vitenge aliyekuwa rafiki yake wa karibu, alimkuta hivyo zaidi ya mara moja, midomo ikimcheza kama anayesali, akarudi zake bila kumgusa.

Msimu wa pili wa mvua tangu Fanueli apotee, dereva mmoja aitwaye Yahaya alituma ujumbe kutoka karibu na Chingola. Alisema dizeli hakuna, yeye amezima gari anasubiri, na mvua ni kubwa. Yunisi akaandika. Kisha akavaa spika na kurudia.

Nyuma ya Yahaya ilisikika mvua ikipiga kwenye bati la kichwa cha gari. Nyuma ya mvua kulikuwa na mluzi.

Ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, ukakatika. Ukaanza upya, ukakatika palepale. Ndivyo Fanueli alivyopiga siku zote, akioga, akifunga kamba za viatu. Alikuwa haujui wimbo mbele ya pale. Yunisi aliwahi kumcheka kwa sababu hiyo.

Alimpigia Yahaya, akamuuliza ni nani aliyekuwa naye kwenye gari.

"Nilikuwa peke yangu, mama Faith," Yahaya akajibu. "Vioo nilipandisha. Hata nje hapakuwa na mtu, mvua ile nani angesimama?"

Yunisi akamtumia ile sauti aisikilize mwenyewe. Yahaya hakujibu siku hiyo wala iliyofuata. Alipojibu aliandika, na toka hapo hakuwahi kumtumia sauti tena.

Siti aliposikilizishwa alisema huenda ni yeye, huenda ni upepo kwenye tundu la mlango, na akamsihi asijitese. Yunisi akapanda gari mpaka Isongole kwa mama mkwe wake. Bibi yule aliishika simu kwa mikono miwili sikioni, akasikiliza hadi mwisho, akairudisha na kuingia ndani kujifungia. Shemeji yake alimsindikiza stendi bila kumtazama usoni.

Aliporudi Tunduma aliiweka sauti ile kwenye blogu, na chini yake akaandika kwamba anamtafuta mwenye mluzi huu.

Hapo ndipo alipoona watu ambao hakujua kuwa wapo. Mwanamke wa Makambako aliandika kuwa huyo ni mumewe, amemtambua. Mama wa Kabwe akaandika kuwa ni kifungua mimba wake. Dada wa dereva aliyepotelea Kolwezi akaandika, kisha mwingine, kisha mwingine, na kila mmoja alikuwa na uhakika, kila mmoja alishukuru. Wengine walirudi kila siku, wakaandika salamu tu kwa mtu wao, kama wanaogonga mlango: baba Joni, tumevuna. Baba Joni, mtoto ametembea. Hakuna aliyekuwa akijibu. Yunisi alizisoma zote, na alipoinua macho kibandani aliona nguo za watu zimening'inia ukutani, mashati ya kiume yakisubiri vifungo, akaona bora ayageuzie ukutani.

Na madereva wakabadilika. Mmoja mmoja waliacha kutuma sauti, wakawa wanaandika tu. Hawakusema sababu. Mmoja tu aliwahi kumwambia Siti, akiwa ananunua kitenge cha mkewe, kwamba hataki kujua ni nani anayesafiri naye.

Idrisa alikuwa na furaha. Ukurasa ule ulisomwa kuliko nyingine zote kwa pamoja, na malipo ya matangazo yakapanda kwa namna ambayo blogu zake hazikuwahi kuota. Akamshauri aweke sauti nyingine za namna ile, kila wiki moja, watu wakae wakingoja. Yunisi akamwambia hana nyingine. Idrisa akasema si lazima ziwe za kweli sana. Yunisi akaendelea kukanyaga cherehani, Idrisa akaondoka.

Ilikuwa asubuhi ya soko, akiwa anapima koti la mteja, mzee mmoja aliposimama mlangoni kavua kofia. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu uliokauka.

"Shikamoo, baba," Yunisi alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiye mwenye sauti ya kijana wangu."

Aliitwa mzee Sebastian, ametoka Ikinga, milimani Ileje. Mwanawe Anyosisye alikuwa tingo, na alipotea njia ileile, na gari lingine, mwaka mwingine. Mjukuu alimsikilizisha mluzi kwenye simu yake mbovu, lakini mzee alifikiri kwa mwenye sauti itasikika vizuri zaidi, ndiyo maana amekuja. Yunisi akampa stuli, akamvika spika masikioni. Mzee alisikiliza macho wazi, akitazama ukuta.

"Ni yeye," akasema kwa utulivu. "Hapo anapokatia ndipo alipokuwa anakatia. Alikuwa hajui mbele."

Yunisi alishika meza. Mzee alilowesha midomo akaupiga mluzi ule mwenyewe, kwa meno machache, akafika pale penye kukatika, na akaendelea. Sehemu iliyofuata ilikuwa ndefu, inashuka pole pole, ina huzuni kuliko ile ya mwanzo. Alieleza kuwa ni wimbo wa kupalilia ulezi. Mwanzo wake kila mtu aliuimba, lakini mwisho waliuimba wanawake tu wakifika ukingoni mwa shamba, na watoto wa kiume walikuwa wameshakimbilia mtoni. Kwa hiyo wanaume wengi wa Ileje, wanaoupiga hadi leo, huishia pale.

Yunisi alifikiri kunyamaza. Angeweza kumwacha mzee arudi na mwanawe. Lakini ilimtoka.

"Baba, mume wangu naye alikuwa anakatia hapohapo. Mimi nimemtambua yeye."

Mzee Sebastian aliiweka kofia magotini. Kisha akachomoa spika moja, akamnyooshea.

"Basi tumsikilize wote," akasema.

Wakausikiliza hivyo, sikio moja kila mtu, vichwa vimekaribiana kama ndugu, hadi mvua ya Chingola ilipokwisha. Mteja wa koti alitoka nje bila kuambiwa.

Mzee alipoondoka, Yunisi alienda kwa Idrisa, akamtaka atoe matangazo yote kwenye ukurasa ule. Idrisa alibishana naye, akamwambia anaitupa riziki ya mtoto. Yunisi akajibu kwamba kurasa za foleni na dizeli zinamtosha, ule wa waliopotea hautamlisha. Matangazo yakatolewa, malipo yakarudi yalipokuwa. Salamu za watu hakuzigusa, ziliendelea kuingia bila majibu.

Mwezi uliofuata ukoo wa Isongole ulimwita. Mama mkwe alikuwa ametoka chumbani na neno moja: mwanawe afanyiwe ibada ya mazishi, jeneza liwepo lisiwepo. Yunisi hakupinga. Alikaa kwenye mkeka pamoja na wanawake, Faith akiwa amemwegemea, mchungaji akasoma, watu wakaimba mbele ya meza yenye kitambaa cheupe na kitu kingine hakipo juu yake. Alilia pale kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Hakujua anamlilia maiti au anamfukuza aliye hai, na alimwambia Siti hivyo aliporudi. Siti akamshika mkono.

Jumatatu alikuta ujumbe umejaa kwenye simu. Hali ya Njia ilikuwa kimya tangu alipoondoka na watu walilalamika. Mmoja alikuwa dereva mgeni, hajawahi kukutana naye, aliyetaka kujua kama baada ya Mpika barabara inapitika, maana ana mzigo mzito na mkewe amemkataza kupita.

Yunisi alimimina chai. Akamjibu kwamba inapitika kwa tahadhari, asimame Mpika na aulize, na akifika amjulishe. Kisha akaanza kuandika habari za Nakonde.