Lakiri Yenye Jina la Graciana

Graciana Iribarne alikuwa fundi wa mashine za sloti katika kasino ya Taa ya Shaba, mjini Sparks, Nevada, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kurudia kazi aliyoikagua yeye. Baba yake alitoka kwenye milima ya Wabaski, mpakani mwa Uhispania na Ufaransa, kuja kuchunga kondoo wa watu. Mama yake, Mayi, alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni kule Gardnerville, ambako wachunga kondoo walikaa meza moja ndefu wakila mchuzi wa mwana-kondoo na maharage, wakigombana kwa lugha ambayo majirani hawakuambulia hata neno. Graciana aliingia kasino akiwa na miaka ishirini na miwili, akiwauzia wachezaji sarafu, na alikuwa akirudi nyumbani viganja vyeusi kama vya mchoma mkaa.

Aliyemtoa kwenye sarafu ni Lyle Tolliver, fundi mkuu, mwanamume mrefu mwenye mabega yaliyoinama kwa kuchungulia matumbo ya mashine. Alimwona siku moja akiifungua kwa pini ya nywele mashine iliyokwama.

"We mdogo wangu," akamwambia, "ama utaishia jela, ama uje nikufundishe kazi."

Akamfundisha. Alimfundisha kwamba jakpoti ikigonga, taa zikiwaka na muziki ukilia, mashine inajifunga yenyewe, na tangu hapo haiguswi ovyo. Mhudumu anachukua kitambulisho cha mchezaji. Watu wa kamera huko juu wanarudisha picha nyuma waone ni kidole cha nani kilichobonyeza. Kisha fundi anafungua mlango mbele ya askari, na kabla ya yote anaandika katika kidaftari kinachokaa humo ndani: jina, tarehe, saa, sababu ya kufungua. Anatazama lakiri, ile karatasi ngumu yenye namba na sahihi ya fundi, iliyobandikwa juu ya chipu, kile kidude kinachobeba akili ya mashine, aone kama imechanwa. Anachomeka kifaa cha kusomea chipu, na kifaa kinatoa mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Mstari huo lazima ulingane na ule uliothibitishwa na wakaguzi wa jimbo, herufi kwa herufi. Ukipishana hata kwa moja, hakuna malipo.

Jakpoti ikizidi dola elfu kumi, sheria ya Taa ya Shaba ilitaka mafundi wawili: mmoja asome, mwingine ahakikishe, wote watie sahihi. Miaka ya mwanzo Graciana alihakikisha kweli. Baadaye, kwa kuwa msomaji alikuwa Lyle, alizoea kusubiri neno lake tu. Lyle akisema, "Iko sawa, Gracie," Graciana anasaini. Nani anamkagua ndugu yake? Walikuwa wamekula chumvi moja. Kila Jumapili ya Pasaka Lyle alikaa kwenye ile meza ndefu ya Gardnerville, na Mayi alimpakulia kabla ya watoto wake mwenyewe, akisema mtu mrefu namna ile ana safari ndefu ya kujaza.

Mayi alifariki Machi ya mwaka 2006. Lyle ndiye aliyemshika Graciana mkono pale kazini alipopokea simu.

"Nenda ukamzike mama," akamwambia. "Zamu zako zote nitazishika mimi. Niachie funguo, usiwaze lolote."

Alimwachia funguo, pamoja na ule wa kabati lenye lakiri zake. Lyle hakufika mazikoni, ila alituma shada la maua meupe kubwa kuliko yote, na shangazi zake Graciana walilisifu wiki nzima.

Miezi miwili ikapita. Jumanne moja ya Mei, asubuhi, wakati ukumbi umejaa wastaafu waliokuja kwa kuponi za kifungua kinywa, mashine namba 417 iligonga dola elfu arobaini na sita. Mshindi alikuwa mwanamume mnene aliyevaa kofia ya kuvulia samaki, jina lake Curtis Womack. Wazee walimzunguka wakimpigapiga mgongoni. Yeye mwenyewe alicheka kidogo tu, jasho likimtiririka.

"Baba, mbona hufurahi?" bibi mmoja akamtania. "Kama hela zinakukera, nipe mimi nikusaidie kukereka!"

Graciana alipofika, Lyle alikuwa amekwisha fungua mlango na kusoma chipu. Kifaa alikuwa amekwisha kukikunja na kukitia mfukoni.

"Iko sawa, Gracie. Saini twende tukanywe kahawa."

Graciana akachukua fomu. Akakumbuka kwamba hajaandika kwenye kidaftari, akanyoosha mkono ndani ya mashine na kukifungua. Mstari wa mwisho kabla ya ule wa Lyle wa asubuhi hiyo ulisomeka: *14 Machi, saa tano na dakika ishirini, G. Iribarne, kubadilisha taa.*

Akausoma tena. Akainama, akatazama lakiri. Haikuwa imechanwa popote. Ilikuwa na namba, na tarehe ileile, na juu yake herufi za jina lake, G.I., ile G yenye mkia mrefu anayoichora tangu shule.

Tarehe kumi na nne Machi, saa tano na dakika ishirini, Graciana alikuwa kanisani Gardnerville, amepiga magoti mbele ya jeneza la mama yake.

Akageuka. Lyle alikuwa akimtazama, na katika uso ule aliouzoea kuliko uso wa kaka yake wa kuzaliwa, aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona: ombi.

"Saini tu, Gracie," akanong'ona. "Nitakueleza nje."

"Nipe kifaa."

"Nimeshasoma, mdogo wangu."

"Lyle. Nipe kifaa."

Alikichomeka mwenyewe. Herufi nne za kwanza zililingana na karatasi. Ya tano haikulingana, wala zilizofuata. Akasimama, akamwita msimamizi wa ukumbi, mama mmoja mkavu aitwaye Corliss Vanek, akamwambia kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye mgahawa, "Hii hailipwi. Piga simu kwa wakaguzi wa jimbo."

Wakaguzi walikuja kabla ya chakula cha mchana, wawili, na mkoba wa vifaa. Waliing'oa chipu, wakaitia kwenye mfuko. Mmoja wao akauliza lakiri ni ya nani. Graciana alifungua kinywa kueleza, lakini Lyle alimtangulia.

"Lakiri ni yake," akasema, macho yakiwa kwenye zulia. "Namba ni yake, sahihi ni yake. Muulizeni yeye."

Baadaye, Graciana aliwaambia shangazi zake kwamba wizi angeuelewa. Hata kughushi jina lake angejikaza akaelewa. Lakini maneno yale mawili, *muulizeni yeye*, yalimwingia kama mfupa wa samaki kooni, hayapandi wala hayashuki.

Alisimamishwa kazi siku ileile. Askari aliyekuwa akimletea maandazi ya mdalasini kila Ijumaa ndiye aliyemsindikiza hadi kwenye gari, akitembea hatua moja nyuma yake kama anayesindikiza mwizi. Kwa siku kumi na tisa alikaa nyumbani, simu haikulia. Wenzake wa miaka na miaka waliokutana naye dukani walisoma maandishi ya makopo ya nyanya kwa makini ya ajabu.

Kilichomwokoa ni kumbukumbu ya mashine yenyewe, ambayo haijui urafiki. Ilikuwa imeandika saa mlango ulipofunguliwa Machi kumi na nne, ikalingana na kidaftari. Na watu tisini pamoja na padri walikuwa tayari kula kiapo kwamba saa hiyo Graciana alikuwa mbele yao akilia.

"Mayi amekutetea akiwa ndani ya sanduku," shangazi yake mkubwa akasema, na ndipo Graciana akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

Womack alipobanwa alisema yote. Alikuwa shemeji yake Lyle, na Lyle ndiye aliyemwekea chipu ya bandia ili wagawane fedha. Lyle mwenyewe, yule aliyejua kila uti wa mashine hizi, alikuwa akicheza kamari kwenye kasino za upande wa pili wa mji kwa miaka minne, mpaka akiba yake ya uzee ikaisha.

Walionana mara moja tu tena, kwenye ukumbi wa mahakama, wakisubiri kuitwa.

"Kwa nini jina langu?" Graciana akamuuliza. "Ungetumia lako."

"Lako hakuna anayelichunguza."

"Na ulijua nitasaini."

"Umesaini miaka kumi na mitano bila kutazama, Gracie. Nilijua."

Alitaka kumtukana. Alitaka kumuuliza kama aliyalipia yale maua meupe kabla au baada ya kubandika lakiri. Lakini karani aliita jina, na Lyle akainuka na mabega yake yaliyoinama, akaingia.

Taa ya Shaba walimwomba radhi kwa barua ya mistari sita, kisha wakampa cheo cha fundi mkuu. Alikipokea, kwa kuwa nyumba inataka kulipiwa na kazi hii ndiyo anayoijua.

Jakpoti kubwa ya kwanza chini yake ilimwangukia Bi. Philippa Doss, mjane wa miaka themanini na moja: dola elfu kumi na moja na mia mbili. Graciana alisoma chipu. Akampa fundi mwenzake asome. Akasoma tena. Akawapigia watu wa kamera mara mbili. Saa moja na nusu ikapita.

"Binti yangu," Bi. Philippa akasema, akigonga sakafu kwa mkongojo, "mimi nimefundisha shule ya Jumapili miaka arobaini. Unanishuku mimi?"

"Hapana, bibi," Graciana akajibu. "Si wewe."

"Basi nani?"

Graciana aliinama tena kwenye mlango uliokuwa wazi, karatasi mkononi, akaanza upya kutoka herufi ya kwanza.

"Haya," bibi akaguna. "Lakini niletee kahawa nyingine, hii imepoa."